Picha Aliyoingoja Bibi Tsona

Kila Jumamosi ya mwezi wa tisa, kilichomwamsha Bilyana hakikuwa saa wala kengele ya kanisa. Kilikuwa moshi. Ulipanda kutoka uani, ukapita ghorofa ya kwanza na ya pili, ukaingia kwenye dirisha la ghorofa ya tatu alikolala, nao ulinuka pilipili hoho zinazoungua ganda. Hapo alijua kwamba majirani wamekwisha kuteremka na magunia yao, masufuria na viti, na kwamba bibi yake atamwita kabla hajafumbua jicho la pili.

"Bili, amka. Pilipili hazijimenyi."

Bilyana alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliishi na bibi yake, Bibi Stoyna, katika jengo la zamani la wachimba migodi. Mgodi ulifungwa kabla hajazaliwa, na tangu hapo watu walikuwa wakiondoka mmoja mmoja kwenda kutafuta kazi nchi za mbali. Baba na mama yake walikuwa Uhispania, wakichuma matunda katika shamba la mtu. Madirisha mengi ya jengo hayakuwa na mapazia tena. Plasta ilibanduka ukutani kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, na hakuna aliyekuja kuitengeneza.

Waliobaki walikuwa wachache, na wengi wao wazee. Lakini msimu wa pilipili ukifika walikusanyika wote uani, wakawasha moto, wakachoma, wakamenya, wakasaga, kisha wakapika sufuria moja kubwa la lutenitsa, lile rojo jekundu la pilipili na nyanya linalotiwa kwenye chupa na kuliwa na mkate majira yote ya baridi.

Aliyeshika mwiko siku zote alikuwa Bibi Tsona wa ghorofa ya kwanza. Hakuna aliyemchagua. Mwiko ulikuwa wake tu, kama vile kiti kilicho karibu na ukuta kilivyokuwa cha Mzee Pencho.

"Pencho," alisema Bibi Tsona siku hiyo, bila kuacha kukoroga, "hiyo pilipili unaimenya au unaibembeleza?"

"Naimenya kwa heshima."

"Imenye kwa kisu. Tukikungoja wewe tutakula lutenitsa Pasaka."

Watu wakacheka. Bilyana alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, vidole vimekuwa vyekundu, moyo wake uko mbali. Shingoni alining'iniza kamera ndogo aliyoletewa na baba yake wakati wa kiangazi. Wiki iliyopita darasa lao lilikwenda safari ya baharini, na kwa siku zote walizokaa huko hakuishusha kamera ile. Alipiga mawimbi. Alipiga mashua, ndege weupe, jua likizama, jua likichomoza. Siku ya Jumatatu mwalimu angebandika picha za wanafunzi ukutani, chini ya maandishi makubwa: Uzuri wa Nchi Yetu. Bilyana alikuwa bado hajaamua bahari yake ipi ni nzuri kuliko zote.

"Bili," aliita Bibi Tsona. "Hebu njoo na hicho kidude chako unipige picha moja. Ya mlangoni."

Kicheko kilikatika kidogo. Kila mtu alijua picha ya mlangoni ni ipi. Huko kwao mtu akifa, tangazo lake huchapwa na picha yake juu, likabandikwa kwenye mlango wa jengo, kanisani, dukani na kwenye kituo cha basi. Siku ya arobaini hubandikwa jingine, kisha la miezi sita, kisha la mwaka. Wazee wengi huchagua picha yao mapema na kuiweka kabatini, pamoja na nguo za kuzikiwa.

Bibi Stoyna alipiga ishara ya msalaba. "Tsona, usimwite huyo mgeni."

"Simwiti. Ila akija mwenyewe anikute nimejitayarisha. Mimi picha sina, ninayo ya kitambulisho tu. Mmeiona? Nimetoka kama mwizi aliyekamatwa na kuku mkononi. Sasa waje wanibandike vile mlangoni kwangu mwenyewe, watoto wapite wakitetemeka?"

Alimpa Mzee Pencho mwiko, akafungua kitambaa chake cha kichwa, akajifuta uso kwa ncha yake, akakifunga tena. Akasimama wima kando ya moto, mikono imetulia mbele ya aproni.

Bilyana aliinua kamera. Kwenye kioo yakatokea maneno kwamba kadi imejaa. Ili apige picha moja, ilimbidi afute moja. Afute ipi? Ile ya mashua? Ile ya jua? Akamtazama Bibi Tsona: sweta la kiume lililotoboka kiwiko, soksi ndani ya ndala za plastiki, masizi shavuni ambayo kitambaa kimeyasambaza badala ya kuyaondoa. Nyuma yake ukuta ule uliobanduka. Nani angetoa bahari kwa ajili ya hiki?

Basi akabonyeza kitufe hivyo hivyo. Kamera haikufanya kitu.

"Tayari, Bibi Tsona."

"Nimetokaje?"

"Umetoka vizuri sana."

"Mungu akubariki, mwanangu. Umeniondolea mzigo." Akamnyang'anya Mzee Pencho mwiko. "Leta hapa, unaunguza."

Jumatatu mwalimu alibandika picha ukutani. Bahari ya Bilyana iliwekwa katikati ya bahari za wenzake, maana wote walisimama ufukwe mmoja na wote walipiga jua lile lile.

"Ipi ni yako?" aliuliza Rumen, mvulana aliyeketi naye dawati moja. "Hii ya huku au ile ya kule? Au hii iliyopinda?"

"Kama huna macho, nyamaza."

"Macho ninayo. Ndiyo maana nimechoka kuona maji."

Mwalimu alipita, akasema "nzuri" mbele ya kila moja, akaendelea na somo.

Mvua za baridi zikaanza. Asubuhi moja Bibi Stoyna aliteremka kunywa kahawa na Bibi Tsona, kama walivyofanya kila asubuhi tangu wote wawili walipofiwa na waume zao. Aligonga, hakuitikiwa. Akafungua kwa ufunguo wa akiba aliokuwa nao. Alimkuta shoga yake ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna, kuni zimetawanyika sakafuni. Jiko lilikuwa limepoa, na yeye pia.

Bilyana alimsikia bibi yake akipanda ngazi polepole kuliko siku zote. Bibi hakulia. Alitoa mshumaa wa nta kwenye droo, akauwasha mbele ya picha ya Mama wa Mungu, akasema, "Tsona ametangulia. Vaa, Bili. Kuna kazi."

Mwana pekee wa marehemu, Gancho, alikuwa dereva wa lori huko Italia. Alipiga simu akiwa njiani, sauti yake ikimezwa na injini.

"Mama Stoyna, mchapaji anataka picha. Mama aliniambia amepigwa moja nzuri na mjukuu wako. Alinieleza kwenye simu, alifurahi kama mtoto. Mpeni hiyo."

Bibi Stoyna alimgeukia Bilyana, simu bado sikioni. "Picha ya Bibi Tsona iko wapi?"

Hapo palikuwa na maneno mawili tu ya kusema, nayo yalikuwa rahisi. Lakini Bilyana alimwona bibi yake na macho yale makavu, akaona aibu imejaa chumba kizima.

"Kadi imeharibika," alisema. "Haifunguki."

"Ilikuwa inafunguka juzi."

"Imeharibika jana."

Basi mchapaji akapewa kitambulisho. Jioni hiyo tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa jengo: uso mkavu, macho yametoka, mdomo umebanwa, shingo imevutwa kama mtu aliyeamriwa asipumue. Mzee Pencho alilitazama kwa muda mrefu, kofia mkononi.

"Huyu si Tsona," alisema. "Huyu ni mtu aliyemwibia Tsona jina."

"Ni ya muda tu," alijibu Bibi Stoyna. "Ya arobaini itakuwa ile nzuri. Kadi itatengenezwa."

Maneno hayo yakaenea jengo zima. Picha ipo, kadi imeharibika, itatengenezwa. Hivyo hakuna aliyejisumbua tena. Gancho alimzika mama yake kwenye matope, akarudi barabarani siku ya pili, kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa unangoja.

Bilyana sasa alipita mbele ya uso ule kila alipotoka na kila aliporudi. Alijaribu kupita akiangalia viatu vyake. Alijaribu kupita akikimbia. Wiki moja baada ya mazishi alimkuta bibi mmoja wa mtaa wa juu amesimama pale, mkoba wa sokoni mkononi, analia bila sauti. Alikuwa amefanya kazi na Bibi Tsona kiwanda cha maziwa miaka mingi.

"Nilipita hapa siku ile," alimwambia Bilyana. "Sikuwa na miwani. Nikaona sura, nikasema simjui huyu, Mungu amsamehe, nikaenda zangu dukani. Kumbe ni Tsona wangu. Sikumzika, mwanangu. Nilipita tu."

Usiku ule na mingine iliyofuata, Bilyana alipopiga magoti karibu na bibi yake kuomba, aliomba kadi iharibike kweli. Ni ombi la ajabu, naye alijua. Kadi haikuharibika. Bahari zote zilikuwa ndani, safi, na yeye hakuweza tena kuzitazama.

Siku moja kabla ya arobaini, Gancho alirudi. Alikuja moja kwa moja jikoni kwa Bibi Stoyna, mtu mrefu mwenye macho mekundu ya njia ndefu, akaketi bila kuvua koti. Juu ya jiko ngano ya kumbukumbu ilikuwa ikichemka, ile inayochanganywa na sukari na karanga za mti na kugawiwa watu kaburini. Bilyana alikuwa akiziponda karanga kwa chupa.

"Nimepata mtu mjini," alisema Gancho. "Anafufua picha kwenye kadi hata kama ilitupwa mtoni. Mchapaji atanisubiri mpaka jioni. Bili, nipe hiyo kadi niondoke nayo."

"Kailete," alisema Bibi Stoyna.

Bilyana alikwenda chumbani. Aliitoa kadi kwenye kamera, akaishika kiganjani. Ilikuwa ndogo kuliko ukucha wa gumba. Mlango wa jiko la kuni ulikuwa hatua chache tu. Angeweza kujikwaa, ikaanguka motoni, na mambo yote yakaishia hapo. Nani angemlaumu mtoto kwa kujikwaa?

Alirudi jikoni. Bibi yake alikuwa amefungua mlango wa jiko kuongeza kuni, na mwanga wa moto ulikuwa sakafuni. Bilyana aliuvuka mwanga ule, akaiweka kadi mezani mbele ya Gancho.

"Haijaharibika," alisema. "Lakini hayumo. Sikumpiga."

Gancho hakuelewa. "Hukumpiga vipi? Watu wote waliona."

"Kadi ilikuwa imejaa. Sikutaka kufuta picha za bahari. Nikabonyeza tu."

Ngano ilichemka. Bibi Stoyna alibaki ameinama, kipande cha kuni mkononi.

"Mama alisimama?" aliuliza Gancho.

"Alisimama."

"Alijifuta uso?"

"Ndiyo."

"Alinieleza hivyo hivyo. Akasema, 'Gancho, sasa sina wasiwasi, hutanionea haya.'" Aliisukuma kadi kwa kidole mpaka ukingoni mwa meza. "Na mimi nikamwambia sawa mama, nipo barabarani, nitakupigia. Nina picha za milima kwenye simu yangu. Za madaraja, za bandari. Hata sahani za makaroni ninazo. Yeye sina. Nilidhani wewe unaye."

Alitoka kwenda roshani, akawasha sigara, mgongo umewageukia.

Bilyana alingoja bibi yake amchape au amfokee. Bibi Stoyna alifanya kitu kingine. Aliitia ile kuni jikoni, akafunga mlango, akajifunga kitambaa vizuri.

"Kwa hiyo picha haipo," alisema.

"Haipo, Bibi."

"Njoo basi. Tukawaambie."

Ile safari ya ngazi za jengo lao ilikuwa ndefu kwa Bilyana kuliko ile ya baharini. Waligonga kila mlango uliokuwa na mtu nyuma yake, na kila ulipofunguka, Bibi Stoyna alisimama kando, akamwacha mjukuu wake aseme mwenyewe. "Sikumpiga Bibi Tsona picha. Nilidanganya. Tunatafuta yoyote mliyo nayo." Wengine walitikisa kichwa. Mama mmoja alisema, "Aibu yako, msichana," akafunga mlango. Kisha akaufungua tena, simu mkononi, akaanza kutafuta.

Wakajikuta wote wamekusanyika kwenye ngazi za chini, wanatazama simu, wengine wana albamu za zamani. Ndipo wakaona jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Bibi Tsona alikuwa kwenye kila sherehe, na uso wake haukuwa kwenye picha hata moja. Kwenye ubatizo ulionekana mkono wake ukileta sahani. Kwenye harusi ulionekana mgongo. Siku ya kumuaga kijana aliyekwenda Ujerumani, kilionekana kitambaa cha kichwa nyuma ya keki. Watu waliotazama kamera walikuwa wamekula alichopika yeye, na yeye alikuwa jikoni.

"Hata mimi," alisema Mzee Pencho polepole. "Miaka yote hiyo. Hata mimi."

Alikuwa akipapasa simu yake, ambayo hakuijua vizuri, na mara akasita. "Ngojeni. Nilitaka kuuza lile jiko langu la kuchomea pilipili. Mpwa wangu akaniambia nilipige picha, watu wa mtandaoni hawanunui bila kuona."

Picha ilikuwa ya jiko. Lilichukua karibu nafasi yote, chakavu, mfuniko umepinda. Nyuma yake, upande mmoja, alikuwepo Bibi Tsona. Ameshika pilipili moja nyekundu inayofuka moshi, anairusha mkono huu na huu kwa sababu inamchoma, na anamcheka mtu asiyeonekana. Masizi yako shavuni. Sweta lile lile limetoboka kiwiko. Macho yamefumba nusu kwa kicheko.

Gancho alikuwa amesimama juu yao kwenye ngazi. Alishuka, akaichukua simu, akaigeuza kwenye mwanga.

"Huyu ndiye," alisema.

Baadaye, akiwa mlangoni na funguo za gari mkononi, alimtazama Bilyana. "Hii ilikuwepo tangu siku aliyokufa. Tungeuliza siku ile, tungeipata siku ile. Leo siwezi kukusamehe. Labda mwakani. Kesho matangazo mapya utayabandika wewe mwenyewe, yote."

"Sawa, Mjomba Gancho."

Asubuhi ya arobaini, kabla ya kwenda kaburini, Bilyana na bibi yake walitoka na ndoo ya maji ya moto, kisu kipana na matangazo mapya. Baridi ilikuwa ya kukata. Walianza na mlango wa jengo. Bilyana alilowesha uso ule wa kitambulisho, akaukwangua, akabandika Bibi Tsona anayecheka. Wakafanya hivyo kanisani na dukani. Yule bibi wa kiwanda cha maziwa aliwakuta dukani. Safari hii alikuwa na miwani. Aligusa karatasi kwa vidole viwili, akasema, "Ndiyo. Alikuwa hivi," akawafuata kwenda kaburini.

Kituo cha basi ndicho kilichowashinda. Gundi ya pale ilikuwa imeganda kwenye chuma. Bilyana alikwangua mpaka vidole vikafa ganzi, na bado nusu ya uso wa zamani ilibaki: jicho moja lililotoka, na kona ya mdomo uliobanwa.

"Haitoki, Bibi."

"Bandika mpya kando yake."

"Na hii?"

"Iache. Hapa ndipo unapopandia basi la shule." Bibi Stoyna alichukua kisu, akakifuta kwenye aproni. Alisema polepole, kama asemavyo mtu aliyeyafikiria maneno yake siku nyingi. "Mimi nilisoma madarasa machache, Bili, sikufundishi mambo ya kamera. Lakini hili nalijua. Ulipodanganya, sisi tuliacha kutafuta. Hivyo ndivyo uongo ufanyavyo kazi: unawaambia watu kitu kipo, nao wanakaa. Ulipoacha kudanganya, jengo zima lilisimama likatafuta, na Mungu akatujalia. Na hili lingine: uliposimama mbele ya Tsona hukuona cha kupiga picha. Usiilaumu kamera. Ulikuwa umezoea kumwona, basi. Bahari utaikuta palepale ukirudi. Sisi hatutakuwepo wote. Ututazame tukiwepo."

Bilyana alipaka gundi nyuma ya tangazo la mwisho, akalibandika, akalipitisha kiganja mpaka mikunjo ikaisha. Nyuso mbili zikawa zinatazama barabara, mmoja umeogopa, mmoja unacheka.

"Beba ndoo," alisema bibi yake. "Watu wanangoja ngano."